Jiwe la Kichina, Kisima cha Kiswahili

Nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni Mizani ilipofika nane nukta saba. Nakumbuka muhogo kwa sababu sikuumeza. Niliutema kwenye kiganja mbele ya mtu mzima, kama mtoto, nikabaki nimeushika.

"Umeona?" akauliza Mzee Ngonyani bila kugeuza shingo.

"Nimeona. Mimi si kipofu."

Ndivyo ninavyojibu nikiogopa, na Ngonyani alikuwa ananijua. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja pale Dodoma miaka saba, yeye akisoma magazeti na televisheni za Kirusi, mimi za Kichina. Katika miaka hiyo alishanisamehe maneno mengi kuliko mume wangu.

"Ikifika tisa?"

"Inafunga, Mzee. Kwani umeajiriwa leo?"

Akavuta kiti chake karibu na kioo cha Mizani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano mchana. Mizani husomwa rasmi kila baada ya saa nne, na usomaji uliofuata ulikuwa saa kumi kamili.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze upesi, maana hata siku ile sikuwa na muda. Zamani mataifa yakitaka kujua kama mwenzao atapiga, yalisoma matamko yake. Siku hizi matamko yanaandikwa na mashine, na mashine haikosei neno. Utasoma kurasa mia usijue kama mwenye kusema amekasirika au amelala. Kilichobaki na joto la binadamu ni mafumbo tu. Mhariri wa Moscow au wa Beijing akiacha takwimu akashika moto, mifupa na vikombe vilivyofurika, ujue nyuma ya maneno yale kuna mtu anahema. Mizani inayahesabu mafumbo hayo, inayapima, na inatoa namba moja kati ya sifuri na kumi.

Tatizo lilikuwa ni nani apange uzito. Warusi hawakutaka mafumbo yao yapimwe na Wachina, Wachina hawakutaka yao yapimwe na Warusi, na Kiingereza wote walikikataa. Wakaja kwetu. Ikakubaliwa kwamba kila fumbo litafutiwe mwenzake wa Kiswahili, methali au msemo, kisha mwenzake huyo asomewe watu mia moja wa Pangani, Kilosa na Ujiji, wakiwa wamevalishwa vipimo vya mapigo ya moyo. Moyo unavyoruka, ndivyo fumbo linavyopata uzito. Mwenye lugha anapendekeza, mwenzake wa kiti cha pili anatia dole gumba kukubali, basi. Warusi wakisema kikombe cha subira kimefurika, Ngonyani alikiita "maji yamezidi unga", na mashine ikajua la kufanya.

Na vilivyokuwa vinapimwa si vitu vya mchezo. Juu mwezini kuna kambi mbili kando ya bonde moja la barafu, moja ya Warusi na moja ya Wachina, watu elfu nne kwa jumla. Katikati yake kuna Ushoroba, njia ndefu iliyofunikwa, yenye pampu za maji na za hewa wanazozitumia wote. Mizani ikisomwa tisa au zaidi, milango ya Ushoroba inajifunga pande zote mbili siku tatu, ili moto ukiwashwa upande mmoja usile na mwingine. Mafundi wa Ushorobani si Warusi wala si Wachina. Ni wetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo kidogo. Kambi hazipokei watu wa Ushorobani wakati wa hatari, kila moja inadhani wametumwa na mwenzake. Milango ikifungwa hewa ya Ushorobani inakatika, nao wana chumba kimoja tu cha hewa, cha watu kumi na wawili.

Siku ile Ushorobani walikuwa thelathini na wanne. Mmoja wao alikuwa Mwanaidi, binti yangu, fundi wa kuchomea mabomba, umri miaka ishirini na mitatu.

Ngonyani hakulijua hilo. Hakuna aliyelijua pale ofisini. Sheria inasema msomaji mwenye ndugu Ushorobani aondoke kwenye kiti mara moja, na Mwanaidi anatumia jina la baba yake, Mndolwa, wakati mimi ni Mwanahawa Shekue. Nilikaa kimya miezi mitano. Nilijiambia kwamba kazi ni kazi.

*

Nikafungua orodha ya yaliyoipandisha Mizani. Upande wa Ngonyani kikombe kilikuwa kimefurika mara arobaini na moja tangu asubuhi. Si kidogo, lakini Warusi na kikombe chao tumewazoea. Upande wangu palikuwa na fumbo moja, limetajwa mara mia sita na kumi na mbili: mwenye kunyanyua jiwe na kuliangusha kwenye mguu wake mwenyewe.

Uzito wake ulikuwa nane nukta moja.

Nikalitazama lile jiwe. Jamani, nililitazama! Nilisoma Chengdu, huko China, miaka sita. Mama aliyekuwa akituuzia maandazi ya mvuke pale bwenini alimwambia mumewe maneno hayo kila alipozidisha chumvi. Magazeti yao yanalitumia kama sisi tunavyosema "shauri yako". Halina damu. Ni la kumcheka mtu aliyejiharibia mwenyewe. Nani alilipatia uzito wa nane?

Mimi.

Ilinirudia yote. Wiki yangu ya kwanza kazini, mafumbo mia mbili na kumi na manne ya kutafutiwa wenzake kabla ya Ijumaa. Nilipofika kwenye jiwe nikawaza: huyu amejidhuru kwa mikono yake. Nikafurahi kama mtu aliyeokota pete. "Mchimba kisima huingia mwenyewe!" Sura ile ile, mwanzo mwisho. Sisi tunaopenda methali ndio ugonjwa wetu huo, tukiona mbili zinafanana uso tunaziozesha hapo hapo. Nilitafuta sura, sikutafuta uzito. Watu mia moja wa Pangani na Kilosa na Ujiji waliposikia kisima walimwona mtu gizani chini, anapiga kelele, hatoki. Mioyo yao ikaruka. Tangu siku hiyo, kila mhariri wa Beijing alipomcheka mtu, mashine yetu ilisikia mauti.

Palikuwa na methali ya haki kabisa, imeshapimwa zamani kwa ajili ya fumbo jingine: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Uzito mbili nukta sita.

"Mzee Ngonyani," nikamwita. "Nina sahihisho."

Akageuka. Ana macho ya upole yule mzee, mekundu kidogo kwenye kingo tangu mwaka jana. "Leo? Saa hii?"

"Jiwe la Wachina nililipima vibaya. Ni jepesi. Nimelibebesha kisima, na halistahili."

"Ulilipima lini?"

"Miaka saba iliyopita."

"Miaka saba," akasema polepole. "Na umeona leo, Mizani ikiwa nane nukta saba."

Nikageukia ukutani. Saa ilionyesha saa nane na dakika ishirini na mbili.

"Mwanahawa, kule juu kuna watu elfu nne. Ukilishusha jiwe, namba inaweza kushuka mpaka saba. Milango itabaki wazi. Na kama safari hii wamekusudia kweli? Mafumbo yote hayo mia sita, hayajakusanyika bure. Nieleze kwa nini nikuamini leo."

Nikafungua mdomo niseme habari za Chengdu na maandazi. Yakatoka mengine.

"Mwanangu yuko Ushorobani."

Hakushtuka kwa sauti. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza, akaitazama.

"Mungu wangu," akasema. "Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Sheria inasema uondoke kwenye kiti."

"Naijua sheria! Nikiondoka kiti kinabaki wazi, hakuna wa kuleta sahihisho, jiwe linabaki na uzito wake, na saa kumi milango inafungwa. Niondoke basi? Sema tu. Nitakwenda kukaa nje kwenye kile kibaraza nisubiri waniletee bahasha."

Nilipotaja bahasha nilijuta. Ngonyani aliletewa bahasha hiyo. Mwaka jana, mwezi wa pili, Mizani ilisomwa tisa nukta mbili na milango ikafungwa. Ushorobani walikuwa ishirini. Kumi na wawili waliingia chumba cha hewa, wanane walibaki nje, na mmoja wa wale wanane alikuwa Bosko, kijana wake wa kwanza. Naye Ngonyani alikuwa ameificha habari ya mwanawe kama mimi, na siku ile alikaa kwenye kiti chake hakushusha hata fumbo moja. Alikaa tu. Baadaye ndiyo tukajua, na wakubwa walimwonea haya hata kumwadhibu.

"Nikuulize," akasema, "na unijibu kama uko mbele ya Mungu. Mwanao asingekuwa kule, ungelifungua hilo jiwe leo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari.

"Nisingelifungua."

"Basi nitajuaje kama inayosema ni akili au ni uchungu?"

"Hutajua, Mzee. Hata mimi sijui. Najua jiwe ni jepesi, hilo naapa. Lakini kama leo ni jepesi pia, kama hawajakusudia, sijui. Naweza kuwa nawaua watu elfu nne. Nimelifikiria hilo na bado nataka kulishusha. Ndivyo nilivyo, nifanyeje?"

Nikaanza kulia, ule mlio mbaya wa pua. Ngonyani akaniacha. Kisha akasema, sauti yake ikiwa chini sana, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sikuwa na la kusahihisha siku ile. Ningelikuwa nalo..." Akageukia kioo chake. "Andika sahihisho lako. Nitatia dole."

*

Sahihisho halikubaliwi hivi hivi. Kabla ya dole la pili, Mizani hurudi nyuma. Inachukua uzito mpya, inapita nao usomaji wote wa zamani mmoja mmoja, na kutoa karatasi ya siku ambazo namba ingekuwa tofauti. Waliotunga mkataba walitaka anayetia dole ajue anabadilisha nini. Kazi hiyo inachukua robo saa hivi, na siku ile ilichukua zaidi kwa sababu jiwe lilikuwa kila mahali.

Ngonyani alikwenda kutuwekea chai. Ndiyo, chai, mwezi unataka kuwaka na yeye anasuuza vikombe. Nilimsikia akiongea kwa simu kule jikoni, na mkewe, Mama Bosko, aliyeko Songea. Walikuwa wanaongelea bati la choo. Ulikuwa umetimia mwaka na miezi minane tangu msiba, na yule mama alikuwa ameanza kuongelea vitu vya kawaida tena. Kilichomsimamisha ni maneno ya waziri. Siku ya ibada waziri alisema vijana wale wanane hawakufa, wamegeuka milango, na nyuma ya milango ile wapo hai watu elfu nne. Mama Bosko aliyachukua maneno yale akayaning'iniza sebuleni, yameandikwa kwa uzi kwenye kitambaa cheupe. Ukienda kumsalimia anakuonyesha. Anasema, "Mwanangu ni mlango."

Karatasi ikatoka saa tisa na dakika ishirini na nane. Ilitokea kwenye kioo changu, kwani mimi ndiye mleta sahihisho.

Siku nyingi zilikuwa zimeshuka kwa nukta mbili tatu, hazina maana. Nilipitisha kidole haraka. Kisha nikafika mwezi wa pili wa mwaka jana.

Usomaji wa zamani: tisa nukta mbili. Usomaji kwa uzito mpya: sita nukta nne. Milango isingefungwa.

Nilisoma mara tatu. Siku ile ya mwaka jana Wachina walikuwa wamewacheka Warusi kwa jambo la bomba lililopasuka, siku nzima wakiwacheka, jiwe na mguu, jiwe na mguu. Na mashine yangu ikasikia kisima. Hapakuwa na vita. Hapakuwa na watu elfu nne wa kuokolewa. Palikuwa na methali niliyoipenda.

Ngonyani akaingia na vikombe viwili. Akaweka kimoja mbele yangu, akavuta kiti.

"Tayari?"

"Tayari."

"Kuna jambo humo?"

Sheria inasema asome. Ningeweza kumgeuzia kioo. Angesoma mstari ule, na kisha nini? Mzee angevunjika pale pale, au angetoka nje, au angenikamata shingo, na haki yake. Dole lisingepatikana. Saa ilikuwa tisa na nusu. Mwanangu alikuwa chini ya bomba fulani kule juu, na mashine yake ya kuchomea, hajui.

"Ni nyingi," nikasema. "Kurasa kumi na saba."

"Ah, wewe nakuamini," akasema Ngonyani. "Lete."

Nikamletea pedi ya kutilia dole. Alijifuta kidole gumba kwenye suruali kwanza, kwa sababu ya chai, kisha akakiweka. Nikamwangalia akikiweka. Sikusema kitu. Nimewahi kusikia watu wakisema walipotenda dhambi hawakuwa na akili. Mimi nilikuwa na akili zangu zote.

*

Saa kumi kamili Mizani ilisoma saba nukta moja.

Tulikaa. Dakika kumi, ishirini. Nikawa nampigia Mwanaidi, simu haipokelewi. Kila mmoja alikuwa anatazama televisheni za upande wake, tukisubiri kusikia kwamba bonde la barafu limewaka na milango ilikuwa wazi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye mgongo wa gauni. Ngonyani alikuwa akisali kwa Kingoni, midomo tu. Saa kumi na dakika arobaini msemaji wa Beijing akatokea, akatania habari za jiwe kwa mara nyingine, akahamia bei ya ngano. Moscow wakaonyesha mpira wa magongo. Siku ile hawakupigana. Wangeweza, na mimi nisingekuwa na la kuwaambia wafu, lakini hawakupigana.

Simu yangu ikalia.

"Mama! Shikamoo. Mbona umenipigia mara tisa? Nilikuwa ndani ya bomba, huku tumekatiwa maji, mimi nanuka kama beberu."

Nilikuwa nimeshika mdomo kwa mkono.

"Mama? Unalia? Kuna nini? Baba mzima?"

"Mzima," nikasema. "Wote wazima. Nilikukumbuka tu. Nenda ukaoge."

"Na maji yako wapi? Ndio nakwambia wamekata!" Akacheka, akakata simu.

Ngonyani alikuwa amesikia yote. Alikuwa anatabasamu. Mzee wa watu, machozi yanamtoka, anatabasamu, akaja akanishika bega. "Mungu ni mwema," akasema. "Wa kwangu hakurudi, lakini wa kwako yupo. Nimefurahi, mdogo wangu. Kweli nimefurahi."

Hapo ndipo nilipomgeuzia kioo. Ningeweza kunyamaza. Karatasi ingekwenda kwa wakubwa, wangeiona wiki ijayo, wangemwita. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu na sikuweza kuuvumilia.

"Soma hapo, Mzee. Mwezi wa pili."

Alisoma polepole, kama anavyosoma siku zote, kidole kikitembea chini ya mstari. Mkono uliokuwa begani ulibaki pale muda, halafu ukaondoka.

"Ulikuwa umeliona hili kabla sijatia dole?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akakaa. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Nilianza kueleza, nikasema habari za Ijumaa na mafumbo mia mbili na kumi na manne, akainua kiganja.

"Kwa nini kisima?" akauliza. "Nataka kujua hilo tu. Palikuwa na methali nyingine. Kwa nini hiyo?"

Nilitafuta jibu la heshima. Miaka saba nimelipwa kutafuta maneno yanayolingana na uzito wa jambo.

"Ilinoga, Mzee."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani. Akatoa simu yake, akabonyeza. Nikadhani anawapigia wakubwa, au polisi. Ilipoanza kuita akaninyooshea.

"Mimi siwezi kumwambia," akasema. "Utamwambia wewe. Na usimfumbie. Ameshafumbiwa ya kutosha."

Nikaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Haloo, baba Bosko? Bati limeshaletwa!" Sauti ya Mama Bosko ilikuwa na furaha, na nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Shikamoo, mama. Ni mimi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu! Hamjambo huko? Leo mmesikiaje joto?"

Kiswahili kina njia nyingi za kumpelekea mtu msiba. Ametutoka. Hatunaye. Kazi ya Mola. Zote zilikuja kwenye ulimi, zimejipanga, na kila moja niliirudisha. Ngonyani alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo.

"Mama, kaa chini," nikasema. "Bosko hakumwokoa mtu yeyote. Hapakuwa na hatari siku ile. Milango ilifungwa kwa kosa, na kosa ni langu. Bosko alikufa bure. Nimemuua mimi."

Nilisikia kuku. Nilisikia mtu akiburuta kigoda.

"Sema tena," akasema Mama Bosko.

Nikasema tena.